Fulia Mtoto Mkeka

Mwaka jana, kwenye karamu ya arusi ya mjukuu wangu kule Kampala, walinikalisha meza moja na mwanamke aliyewahi kuniita muuaji. Hawakujua. Vijana walipanga viti kwa kufuata umri, ajuza na ajuza mwenzake, wakadhani wametutendea wema. Nilimtambua kabla hajageuka, kwa jinsi alivyokuwa akifuta uma kwa kitambaa cha meza, anaunusa, anaufuta tena. Mama Saidi. Amezeeka vibaya, na nasema hivyo kwa raha zangu. Kumbe bwana arusi ni wa ukoo wake, kwa hiyo sasa sisi ni wakwe, Mungu atusaidie. Tulisalimiana kwa mikono miwili kama watu wenye adabu, kisha akaigeukia meza nzima akacheka. "Huyu alikuwa yaya yangu zamani za Afande," alisema. "Huyu huyu. Kidogo tu aue Saidi wangu na sumu ya wadudu." Watu wakacheka, maana hadithi za wazee huchekewa kwa heshima hata zisipochekesha. Nilimtazama bibi arusi jinsi alivyong'aa pale mbele, nikayameza maneno yangu pamoja na pilau. Sasa niko nyumbani Kitale, nina meza yangu, karatasi yangu, na hakuna bibi arusi wa kumharibia siku. Nitasema.

Jinsi nilivyofika Kampala na nani aliyenileta hayahusiani na habari hii. Wakenya tulikuwa wengi mjini miaka ile ya utawala wa jeshi, kwenye maduka, kwenye gereji, kwenye nyumba za watu, na mimi nilikuwa msichana mwenye mikono yenye nguvu na mdomo usiokaa kimya. Nyumba yenyewe ilikuwa Ntinda. Wenyewe walikuwa Wahindi walioamriwa waondoke nchini na kuacha kila kitu, na Kapteni, mumewe Mama Saidi, akapewa kama wenzake walivyopewa maduka na magari. Sijawahi kuipenda nyumba ile. Kwenye ukuta wa chumba cha kulia palikuwa na miraba myeupe pale picha zao zilipoondolewa, na kwenye fremu ya mlango wa jikoni palikuwa na alama za kalamu, moja juu ya nyingine, walikokuwa wakimpima mtoto wao akikua. Mama Saidi alizisugua alama hizo kwa majivu hadi rangi ya mlango ikabanduka. Vikombe alivibakisha, mapazia aliyabakisha, hata chupa za viungo alizibakisha, na kila mgeni akija alimtembeza chumba kwa chumba akisema "yangu hii, yangu hii," mpaka nikatamani kumuuliza kama aliileta kichwani kutoka kwao kaskazini.

Lakini kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mkeka wa mtoto. Nauita mkeka kwa sababu ndivyo tulivyouita. Haukuwa wa ukindu. Ulikuwa godoro jembamba la sponji, kubwa kiasi cha mlango, limevikwa plastiki nene yenye picha za tembo na maputo na treni, na kushonwa pembeni kwa uzi mwekundu. Bila shaka ulitoka Ulaya. Ulikutwa chumba cha nyuma, nyuma ya mlango, na Mama Saidi akautandika sebuleni katikati ili wake wa maofisa wauone. Hapo ndipo mwanawe Saidi alipowekwa kila asubuhi, amepakwa mafuta, amechanwa nywele, ameketi katikati ya tembo kama saa iliyopangwa dirishani mwa duka. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutambaa na meno yalikuwa yakimtoka. Mtoto wa umri ule hakalii mkeka, anaula. Saidi alikuwa akiinama, anakamata kona ya plastiki, anaitafuna na kuinyonya huku udenda ukimtiririka mpaka kifuani. Mtu yeyote mwenye macho angeona kwamba chochote kitakachopakwa pale kitaishia tumboni mwake. Mama Saidi hakuwa na macho ya namna hiyo. Alikuwa na pua.

Kwake yeye usafi ulikuwa ni harufu. Alipiga magoti, akabandika pua kwenye picha ya tembo, na kama hakusikia kitu kikali kikimchoma, basi mkeka ulikuwa mchafu na mimi nilikuwa mvivu. "Hii hainuki," aliniambia. "Umeosha na nini, mate?" Alikuwa akimwaga jiki moja kwa moja bila maji, akifuta kidogo tu, kisha anamweka mtoto. Magoti ya Saidi yakawa mekundu, nikaambiwa ni joto. Siku nyingine alisugua kwa mafuta ya taa ili plastiki ing'ae, na mtoto akatapika uji wote, nikaambiwa ni meno. Mimi nilikuwa na njia yangu na sikuificha. Nilikwangua sabuni ya mche kwa kisu, kidogo tu maana sabuni ilikuwa haba, nikaiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, nikafuta kwa kitambaa laini kilichokamuliwa sana, kisha nikapitisha maji matupu, na tena maji matupu, mpaka nikiulamba mkeka kwa ulimi wangu mwenyewe nisisikie ladha. Ndiyo, niliulamba. Kama siwezi kuulamba mimi, kwa nini aulambe mtoto? Baada ya hapo niliusimamisha ukutani mahali penye upepo, kivulini, kwa sababu jua la mchana hupasua plastiki na mtoto hung'oa vile vipande akavimeza. Kila nilipouangika nilikagua mshono mzima kwa kidole kuona kama uzi umelegea. Kazi hii haikuwa ngumu. Ilitaka uvumilivu tu, na Mama Saidi alikuwa akinisimamia kichwani akisema, "Mkenya anajifanya daktari." Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mwaka mzima nilikuwa Mkenya.

Msimu wa mvua akauharibu. Nilikuwa nimetoka kuanika nguo, na niliporudi nikamkuta ameumwagia ndoo nzima ya maji, eti ili ung'ae upesi kabla wageni hawajafika. Maji yalipita kwenye matundu ya mshono yakaingia ndani ya sponji, na sponji ikishakunywa maji chini ya plastiki haikauki. Baada ya siku chache mkeka ulianza kunuka kama gunia lililosahauliwa, na madoa meusi yakatokea kando ya treni. Alimwaga jiki zaidi. Mimi nikachukua wembe, nikafumua mshono upande mmoja, nikatoa sponji nzima, nikaikamua na kuiacha kwenye upepo wa veranda mpaka ilipokuwa kavu hadi moyoni. Ganda la plastiki nikaligeuza nje ndani, nikalisugua kwa maji ya sabuni, nikalisuuza. Alipokuta mkeka wake umechanwa alinipiga kofi. Sikulia. Nilimwambia, "Mama Saidi, nipige tena, lakini mtoto asilalie ukungu." Alinikata jicho na kuondoka. Nilishona upya kwa uzi mweusi kwa sababu mwekundu haukupatikana, na ule uzi mweusi alinisimanga nao kwa wageni wote.

Mtu pekee niliyezungumza naye vizuri katika nyumba ile alikuwa Mzee Kizito, Mganda, mtunza bustani. Alikuwapo tangu enzi za Wahindi na akabaki na nyumba, kama mabomba ya maji yalivyobaki. Tulikula pamoja mchana mlangoni pa jikoni, matoke na mchuzi wa karanga kwenye jani la mgomba, naye ndiye aliyenifundisha Kiganda changu chote. Mimi nilijaribu kumfundisha Kiswahili akakataa katakata. "Muwala wange," alisema, yaani binti yangu, "lugha hiyo nimeisikia ikisemwa na watu wenye bunduki tu. Nikiisikia masikio yanaziba." Kwa Waganda wengi siku zile Kiswahili kilikuwa sauti ya mtu anayekugongea mlango. Lakini Kizito alikuwa akiamrishwa kwa Kiswahili kutwa nzima, basi alibuni njia. Alisema "Ndiyo afande" kwa kila kitu, kwa mwanamume na kwa mwanamke, kisha akaenda kando akatafuta neno la Kiganda lililofanana na lile alilolisikia, akalifanya hilo. Mara nyingi lilikubali, maana "leta" ni leta na "soma" ni soma. Siku moja Mama Saidi alimwambia atoe taka nyuma ya jikoni. Kwa Kiganda taka ni udongo. Kizito alichimba asubuhi nzima, akatoa udongo mzuri mwekundu akaurundika kando, na takataka zikabaki palepale zilipokuwa. Tulicheka sana, mimi na yeye. Nilimwambia, "Mzee, si uulize mara ya pili?" Akaacha kucheka. "Humwulizi mke wa askari mara ya pili," alisema. Hilo halikuwa jambo la Kizito peke yake. Mji mzima ulikuwa umeacha kuuliza mara ya pili. Watu walisikia nusu ya neno wakakimbia kulitimiza, na kama walikosea waliomba Mungu asiwepo aliyeona.

Mwaka ule pia ndio Wakenya tulipoanza kutazamwa vibaya. Nilisikia mengi nikipeleka nyama mezani. Maofisa wenzake Kapteni walikuja Jumapili, wanavua kofia, wanakula mbuzi wa kuchoma kwa mikono, wanasema Wakenya ni majasusi wote, yule wa gereji amechukuliwa, yule wa duka la viatu amechukuliwa. Walisema "amechukuliwa" huku wakitafuta mahali pa kutupa mfupa. Jumapili moja mmoja wao alinitazama nikimwaga maji ya kunawa akamwuliza mwenyeji, "Na hii ya kwako iko ya wapi?" Kapteni alitafuna kwanza, akameza, kisha akasema, "Huyo ni mtu ya mtoto." Basi. Wakaendelea kula. Nilirudi jikoni, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nilielewa vizuri sana. Nilikuwa hai kwa sababu ya Saidi. Alipokuwa mzima mimi nilikuwa mtu ya mtoto, na akipatwa na jambo mimi ningebaki Mkenya tu.

Kunguni waliletwa na sanduku la mgeni fulani. Mama Saidi aliwaona wa kwanza kwenye mshono wa mkeka, pale kwenye uzi wangu mweusi, na alikasirika kama mtu aliyetukanwa mbele ya watu. Nilimwambia ni kazi ndogo. Nitafumua tena, nitamwaga maji ya moto kwenye mishono, nitaianika sponji hadi wafe, na sumu yoyote isiguse kitu ambacho mtoto anakiweka mdomoni. Akasema sawa, lakini kwanza niende kwenye foleni ya sabuni, maana ilisemekana imefika dukani karibu na barabara kuu. Nikaenda. Nilisimama pale asubuhi yote katikati ya wanawake waliokuwa wakisukumana kwa viwiko, nikapata kipande kimoja, nikakifunga kwenye leso. Nilipokaribia geti nilisikia harufu. Ni ile ya mashamba ya kahawa wakati wa kupuliza dawa, ukiisikia mara moja huisahau. Nikaanza kukimbia.

Mama Saidi alikuwa ameketi sebuleni akisuka nywele zake, ametulia. Saidi alikuwa juu ya mkeka. "Leo sasa inanuka usafi," aliniambia bila kugeuka. Mkeka ulikuwa umelowa matone madogo madogo. Mtoto alikuwa kifudifudi, udenda unamtoka kupita ule wa siku zote, jasho limemlowesha mgongo, na nilipomgeuza mboni za macho yake zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nilimnyakua. Nilimvua kila kitu, nikampeleka kwenye bomba la uani, nikamwosha kwa ile sabuni yangu ya foleni kuanzia kichwani, kwenye mikunjo ya shingo, katikati ya vidole, nikasuuza, nikaosha tena. Mama yake alikuwa akipiga kelele kwamba namwua mtoto kwa baridi. Kizito alisimama karibu na stoo, bomba la kupulizia dawa likiwa bado mabegani mwake. Nilimwuliza kwa Kiganda umefanya nini. Akasema, "Mukyala," yaani mama mwenye nyumba, "ameniamuru nipulizie mkeka wa mtoto. Amesema waziwazi. Fuuyira."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa wakati ule ule, mtoto akiteleza mikononi mwangu kwa povu. Mama Saidi alimwambia, "Kizito, fulia mtoto mkeka." Mfulie mtoto mkeka, yaani usafishe, neno la kawaida kabisa. Lakini kwa Kiganda kufuuyira ni kupuliza dawa ya wadudu, na mkeka ni mukeeka, na kweli mkeka ulikuwa na kunguni. Kizito alisikia amri iliyo na maana. Aliitikia ndiyo afande, akaenda kuchukua dawa ya migomba.

Nilifanya jambo moja la akili siku ile, na ndilo lililokaribia kuniua. Nilichukua kopo la dawa nikaenda nalo hospitalini, kwa sababu nilijua kitu cha kwanza watakachouliza ni amekula nini. Dereva wa Kapteni alitupeleka hadi hospitali moja kule Mengo. Muuguzi aliyetupokea alimtazama mtoto macho, akaniuliza swali lile lile, nikampa kopo. Alisoma, akakimbia nalo kwa daktari, na baadaye akanirudishia nilishike. Kwa hiyo Kapteni alipoingia na buti zake, na mkewe akaruka kutoka kwenye benchi, mimi nilikuwa nimesimama ukutani na kopo la sumu mkononi. "Tazama," Mama Saidi alimwambia mumewe, akininyooshea kidole. "Iko nayo. Mkenya amewekea mtoto sumu. Walimtuma." Watu wote waliokuwa kwenye ule ukumbi walitazama sakafu. Hata waliokuwa wakikohoa waliacha kukohoa. Mpaka leo siwezi kueleza chuki niliyoihisi. Sikumwogopa Kapteni wakati ule, nilimchukia mkewe, nikaitumia chuki hiyo kusimama wima.

"Afande," nilisema, "mtoto anatibiwa kwa sababu nilileta kopo hili. Kama nilitaka afe ningeliacha nyumbani." Alikwenda kumtazama mwanawe, akakaa huko, akatoka. Daktari alikuwa amemwambia mtoto ataishi, na kwamba kuoshwa mapema ndiko kulikomsaidia. Kapteni hakunipa habari hiyo. Niliipata kwa muuguzi, kwa kunong'onezwa. Aliniambia tu, "Panda gari." Nilipanda. Njia nzima kurudi Ntinda aliuliza jambo moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani alisema iwekwe?" Nikamweleza neno. Nilimweleza fulia ya Kiswahili na fuuyira ya Kiganda, nikamweleza taka na udongo, nilieleza vyote mpaka mate yakanikauka. Sikumtaja mkewe kwa jina, nikasema "aliyeamuru." Alijua mwenyewe nani huamuru nyumbani kwake.

Kizito alikuwa ameketi chini karibu na stoo, analindwa na askari mmoja. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Kapteni alishuka, akafungua vifungo, akavua shati lake la kijeshi, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Alibaki na fulana. Akamwambia, polepole, "Kizito. Fulia shati hii." Kizito alimtazama Kapteni, akatazama shati lenye vyeo mabegani, akanitazama mimi. Nilitaka kumwambia neno, lakini yule askari alikuwa amesimama karibu nami sana. "Ndiyo afande," Kizito akasema. Akaingia stoo, akatoka na bomba mabegani. Alikuwa analia. Nadhani alifahamu kwamba kupuliza ndiko kulikomwingiza matatani, lakini ameamriwa tena, na kuuliza hakuwezekani. Akapiga pampu, akalipulizia dawa shati la afande mbele na nyuma, kwa uangalifu, hata chini ya kola.

Kama kila mtu angenyamaza, labda. Lakini dereva alicheka. Ilimtoka tu, nafikiri kwa woga, akasema, "Afande, shati yako sasa haina kunguni," na yule askari naye akaanza kucheka, wakashikana mabega. Kapteni hakucheka. Alikuwa amesimama uani na fulana, vyeo vyake vikidondosha dawa ya migomba, watu wake wakimcheka. Jibu alilokuwa akilitafuta alikuwa amelipata. Kizito hakuwa na hatia, mimi sikuwa na hatia. Sasa alikuwa na jambo jingine la kukasirikia.

Mama Saidi aliporudi na mtoto mumewe alimwuliza mbele yangu kama ni yeye aliyeamuru. "Nilisema fulia," akajibu. "Kama mzee hajui Swahili, ni makosa yangu?" Huo ndio ukweli pekee niliowahi kuusikia kinywani mwake, na baada ya siku ile hakuurudia tena. Aliwaambia wageni ni Mkenya. Aliwaambia majirani. Mkeka alitaka uoshwe utandikwe tena, akanikabidhi jiki mwenyewe. Nikamwambia sponji ikishakunywa sumu haifuliki, hata kwa sabuni ya dunia nzima, na kuuchoma ni kumvutisha mtoto moshi wake. Aliposema nafanya kiburi, nikachukua kisu cha nyama nikaukatakata vipande mbele yake, tembo, maputo na treni, nikavizika mbali na bomba la maji. Alinitukana kwa lugha tatu. Kwa mara ya kwanza sikumjibu, maana nilikuwa nikimtazama Saidi akitambaa juu ya sakafu ya saruji iliyofutwa kwa maji matupu, anapiga kofi sakafu na kucheka. Nilimpenda mtoto yule. Kwenye arusi yeye ndiye aliyeniletea sahani, mwanamume mnene mwenye upara, akanipigia goti akaniita mama bila kujua lolote. Nilifurahi kwamba anaishi. Hilo sitalificha kwa sababu ya hasira zangu na mama yake.

Na mama yake nilimwuliza. Meza ilipokwisha kucheka nilimwinamia sikioni nikasema, "Na Kizito?" Alikunja uso, akatafuta kweli, naapa alitafuta kweli. "Kizito nani?" akasema. Basi nakuandikia, Mama Saidi, ni nani.

Ni yule ambaye Kapteni alimwita asubuhi ile mtoto aliporudi kutoka hospitalini. Alimwita kwa upole. "Kizito," alisema, "leo mimi napeleka wewe nyumbani." Neno nyumbani Kizito alilijua. Miongoni mwa maneno yote ya Kiswahili hilo alilijua vizuri, maana ndilo alilolisubiri kila mwisho wa mwezi. Uso wake ulifunguka. Alikwenda kunawa miguu, akavaa kanzu yake ya Jumapili, akaniambia kwa Kiganda kwamba afande ni mtu wa haki kumbe. Nilitazama ataketi wapi. Wale waliochukuliwa mjini walitiwa kwenye buti ya gari, kila mtu alijua, na Kizito alifunguliwa mlango wa mbele, akaketi pembeni ya Kapteni, mikono magotini, akanipungia. Nami nikamwamini Kapteni. Nilirudi ndani kumpikia mtoto uji.

Mkewe Kizito alikuja wiki iliyofuata, kwa miguu sehemu ya safari, kutoka upande wa Gayaza. Alikuwa amesikia mtoto wa nyumba anaumwa, kwa hiyo alileta mayai kwenye kikapu kilichofunikwa majani. Alipiga magoti getini akasalimu, akauliza habari za mtoto kwanza, kisha akauliza kama mumewe ana kazi nyingi, maana hajamwona. Mama Saidi alikuwa barazani na mtoto mapajani. Hakuinuka. "Mwambie mume yake alienda nyumbani," aliniambia. "Afande mwenyewe alimpeleka na gari." Nikamfasiria, maana hakuna mwingine aliyeweza, na maneno yakanitoka kwa Kiganda kile alichonifundisha mumewe. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa adabu. Akakisukuma kikapu cha mayai kuelekea kwangu kidogo.

"Muwala wange," akasema, "mimi nyumbani ndiko ninakotoka."